Kiingilio nimelipa, kumwona nyoka nilipe tena?

Mhariri, naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Hizi bustani za wanyama siku hizi unalipa kiingilio getini, unaingia na watoto, mnafika banda la nyoka mnakuta mtu kakaa na kitabu cha risiti, eti hapa tiketi nyingine, na mtoto kashashika nondo za mlango analia anataka kuingia, sasa wewe mzazi utafanyaje? Unalipa tu.

Sikatai, wanyama wanakula na wanahitaji daktari, tembo mmoja tu anamaliza zaidi ya kilo 100 za majani kwa siku, hela lazima itoke mahali. Ila basi bei zote ziandikwe getini kwa maandishi makubwa, mtu apige hesabu zake kabla hajatoa hela. Kulisha twiga au kupanda treni sawa, hiyo ni ziada, lakini kumwangalia tu mnyama aliye ndani ya uzio uleule niliolipia, hapana jamani.

Kule Marekani zuu ya Saint Louis kuingia ni bure, wananchi wanaichangia kwa kodi, wanatoza vitu kama treni. Lincoln Park ya Chicago nayo bure. Sisemi kila mahali pawe bure, hela ya kodi haitoshi kote. Naomba tu iwepo tiketi moja ya familia inayofungua mabanda yote, hata ikipanda kidogo tutalipa, kuliko hii ya kutoa pochi kila kona.

Msomaji wenu