Neno "naturel" lisiuzwe kwa bei ya bio

Bwana Mhariri,

Katika alimentasyon (maduka ya vyakula) za Bukavu, asali, juisi na sosi za nyanya zilizoandikwa "naturel", yaani za asili, huwekwa rafu moja na za bio, yaani za kilimo hai kilichokaguliwa, kwa bei ileile. Mnunuzi anapunjwa. "Naturel" kwa kawaida huhusu kilichotiwa baada ya mavuno: rangi, ladha ya kiwandani, dawa ya kuhifadhi. Shamba halimo. Nyanya iliyokuzwa kwa urea na kupuliziwa dawa kila juma yaweza kabisa kuwa sosi ya "naturel".

Bio inaanzia udongoni. Kwa soko la Ulaya, shamba la maharage hukaa miaka 2 bila kemikali zilizokatazwa kabla ya kupanda. Kahawa husubiri miaka 3 kabla ya mavuno ya kwanza ya bio. Wakulima wa kahawa wa Kivu wanaijua taabu hiyo: daftari za shamba, wakaguzi, na jirani anayepuliza dawa upepo ukivuma.

Basi geuza pakiti. Ya Ulaya huwa na jani lililochorwa kwa nyota, na karibu nalo msimbo kama FR-BIO-01: nchi, kisha namba ya shirika lililokagua. Jani hilo hudai angalau asilimia 95 ya viambato vya kilimo viwe bio. Maji na chumvi havihesabiwi. Jani la kijani lisilo na msimbo ni urembo tu, yeyote mwenye printa hulichora.

Na muuzaji anayehamisha asali ya bio kutoka ndoo hadi chupa zake, bila yeye mwenyewe kukaguliwa, asibandike tena neno hilo.

Msomaji, Bukavu