Ile jarjiri yako imeota Lushoto

Shoga yangu,

Salamu nyingi toka huku baridini. Sie wazima, watoto wazima, bi mkubwa goti linamsumbua kama kawaida yake ila mdomo mzima kabisa, utaona huko mbele.

Juzi uliponiuliza jarjiri, yale majani ya saladi, naipataje huku milimani nikakujibu juujuu maana salio lilikua linakata, sa leo nakuandikia vizuri. Mbegu nilinunua Arusha duka la pembejeo, pakiti imeandikwa roketi, mi nikajua ni mambo ya mahotelini tu, kumbe ndo hiyo hiyo mnayoisokomeza na samaki wa kuchoma huko Muscat, ningejuaje bila wewe kuona picha ukaanza kupiga kelele.

Mara ya kwanza nilichemka. Ilikua Januari, jua kali, mi kwa kiherehere nikamwaga pakiti nzima tuta moja. Siku ya nne kijani tupu, nikaringa weee. Wiki ya tano yote imekua tayari kwa mpigo, nani ataila sasa? Nikapeleka sahani mezani, bi mkubwa akatafuna jani moja akaniangalia, akasema "huu si mchunga tu huu, mchunga wa kizungu, na umeununua kwa hela?" Mchunga si ile mboga ya majani machungu, basi tangu siku hiyo hapa nyumbani jina lake ni mchunga wa kizungu. Na kabla sijaigawa kwa majirani ikaanza kupanda juu, shina refu, majani yakawa makali mpaka yanawasha ulimi. Ndo joto hilo, na kiu pia, maana kuna siku tatu maji yalikatika sikumwagilia. Mchana mrefu nao unaikimbiza kwenye maua, ila huku kwetu mchana haurefuki wala kufupika sana kwa hiyo ukiona imekimbilia maua ujue ni jua au ukame.

Ila maua yenyewe mazuri jamani, petali nne rangi ya krimu zina vimishipa vya zambarau kama mtu kachora na kalamu, na yanalika. Nyuki walijaa, nikaacha mashina kama sita yakakauka na maganda yake ya mbegu nikapata mbegu zangu, sinunui tena.

Sa hivi nafanya hivi. Nilianza mwisho wa Mei masika yakiisha, ubaridi umeingia, nachukua mbegu kijiko cha chai nachanganya na mchanga mkavu ili zisirundikane, nachora mstari kwa kidole, kina nusu sentimita tu maana zikizama hazitoki, nafukia, namwagia kwa kopo lenye matundu. Samadi naweka kidogo tena iliyooza vizuri. Baada ya wiki mbili mstari mwingine, hivyo hivyo, kwa hiyo kila wakati kuna ya kula na haitushindi. Majani yakifika urefu wa kiganja nakata kwa mkasi nikiacha vidole viwili chini, yanachipua tena, mara mbili au tatu hivi kisha nang'oa.

Adui yake ni vile vidudu vyeusi vidogo vinavyoruka kama viroboto, asubuhi unakuta majani yana matundu matundu kama kachujio. Jarjiri ni ukoo mmoja na kabichi na sukuma wiki na mimi nilipanda palepale nilipong'oa sukuma, yaani niliviandalia karamu. Nikahamia upande wa pili, nikafunika na chandarua kilichochanika cha watoto, nikakandamiza pembeni kwa mawe siku ileile ya kupanda, ukichelewa unavifungia ndani.

Kwenye kula ndo bado tunabishana. Bi mkubwa aliipika nazi kama mchunga wenyewe, ikanywea yote ikabaki vijiko viwili na ule ukali umepotea, akasema haina faida. Mi nafanya ulivonielekeza, mbichi, ndimu, kitunguu, juu ya samaki wa kukaanga anayetoka Tanga, na juzi nimemfuma bi mkubwa kainama bustanini anachuma anatafuna, kaniona kasema anapalilia.

Ukija Desemba nambie tarehe mapema, nihesabu siku thelathini nyuma nimwage mbegu. Samaki ununue wewe Tanga unapopita, wa huku bei imechangamka.

Wako shoga yako wa milimani