Barua ya wazi kwa Spika wa Bunge la Taifa la Kenya: maagizo ya Rais yaletwe mezani

Mheshimiwa Spika,

Tunakuandikia kwa heshima, lakini subira imetuishia. Maagizo ya Rais yanaunda na kuvunja ofisi za umma, na wabunge wanayasoma magazetini kama sisi.

Tatizo liko kwenye fasili moja: ile ya "hati ya kisheria". Chini ya Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013, kanuni ikishachapishwa, waziri ana siku 7 za vikao kuifikisha kwa Karani wa Bunge iwekwe mezani mbele ya wabunge. Asipofanya hivyo, inakoma kuwa na nguvu. Kamati ya Sheria Ndogo nayo huichambua kwa siku 28 na inaweza kupendekeza ifutwe. Ila sheria hiyo inagusa tu hati zilizotolewa kwa mamlaka ya Sheria ya Bunge. Agizo la Rais hufunguliwa kwa kutaja mamlaka ya Katiba, Kifungu cha 132, na kwa mstari huo mmoja linapita kando ya meza yenu. Kifungu cha 94(5), kinachokataza mtu mwingine kutunga sheria bila idhini ya Katiba au Bunge, ni nani anakilinda?

Korti hufika mambo yameshaharibika. Agizo Nambari 3 la 2020 lilileta shirika la NMS (Nairobi Metropolitan Services), lililopewa baadhi ya kazi za serikali ya kaunti, jijini Nairobi. Juni mwaka huo mahakama ya ajira ikasema limeundwa kinyume cha sheria, lakini wafanyakazi na bajeti vilikuwa vimeshaanza kuhamishwa. NMS iliendelea hadi 2022. Agizo Nambari 1 la 2020 liliorodhesha hata Mahakama na tume huru chini ya serikali kuu, mpaka Chama cha Mawakili kikaenda kortini. Kwa nini mzigo huo ubebwe na walalamishi wakati nyinyi mmeapa kuilinda Katiba?

Tunachoomba ni kidogo. Fasili hiyo, baada ya "Sheria ya Bunge", iongezwe maneno "au Katiba". Kila agizo liwe na muhuri na sahihi, kama Kifungu cha 135 kinavyotaka, lichapishwe kwenye Gazeti Rasmi, litaje kifungu kinacholipa nguvu na gharama yake, kisha liwekwe mezani ndani ya siku 7 zile zile. Tamko la jukwaani lisitekelezwe na ofisa yeyote.

Kamati ya Sheria Ndogo inaweza kuleta mswada huo yenyewe. Kifungu cha 109 kinairuhusu. Rais akiurudisha, Bunge lako linahitaji kura 233 kuupitisha tena bila kuubadilisha. Tafadhali Mheshimiwa, uletwe kikao hiki.