Mwanangu, umeshakwenda?

Kibaigwa, Jumapili jioni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa goti la baba yako. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu "vipi baba", unaniwahi "niko poa mama", halafu kuna mtu anakuita, au chaji inaisha. Barua utaisoma mpaka mwisho, nakujua.

Dada yako alirudi Jumatano. Akasema chumba ni kisafi, hakuna chupa za pombe, kodi imelipwa. Nikashukuru. Kisha akasema kile kiroba cha unga nilichokufungia mwezi wa pili kipo nyuma ya mlango, hakijaguswa. Nikamuuliza kamba imefungwaje. Akasema imezungushwa mara tatu na ncha imechomekwa kwa ndani. Hilo ni fundo langu, baba. Ningejifariji kwamba unakula kwa mama lishe huko Mtumba, lakini ameuona na mkanda wako. Umetobolewa matundu mawili mapya kwa msumari. Na kila Jumapili unaniambia umekula.

Umeshakwenda kumwona mtaalamu? Dada yako anasema alikuomba mbele ya chai, ukamjibu "nitaenda, kazi zikipungua". Kazi za ofisi hazijawahi kupungua tangu Serikali ihamie huko Dodoma.

Alhamisi nilikwenda kituo cha afya, si kwa ajili yangu. Nilikaa na yule nesi wetu mpaka wagonjwa wakaisha. Nilimweleza bila kukutaja, ingawa nadhani alielewa. Akaniambia mtu akikosa usingizi, chakula kisimpande, vitu alivyovipenda visimwambie kitu, ajione mzigo, na hali hiyo ikaendelea siku baada ya siku kwa wiki mbili au zaidi, asiambiwe ana mawazo tu. Huo unaweza kuwa ugonjwa. Unaitwa sonona na una tiba. Wengine hutibiwa kwa mazungumzo peke yake, kila wiki unakaa na mtaalamu wa saikolojia mnafumua kilichokaza. Wengine huongezewa dawa. Dawa hizo haziji kama panadoli, huchukua wiki kadhaa ndipo mtu aone nafuu, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakidhani hazifanyi kazi. Hilo la kuziacha nalijua kuliko nesi.

Mjomba wako unamfahamu, sina la kukusimulia. Usilolijua ni kwamba ule mwaka 2004 hakuwa Manyoni kulina asali. Alikuwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, miezi minne. Nilikwenda kumwona mara moja. Nilibeba maandazi, na nilipofika getini nikajifunika kitenge kichwani mpaka usoni, maana niliona basi la huku limesimama jirani. Nilipoingia, mjomba wako akaniangalia akauliza, "Dada, nje kuna jua kali?" Nikamjibu ndiyo.

Alirudi mzima, analima, anacheka. Daktari alikuwa amesema asiache dawa bila wao kumwambia. Lakini humu ndani ikasemwa kwamba mtu mzima wa afya hamezi vidonge kila siku, na kwamba nauli ya kwenda kliniki kila mwezi ingenunua mbegu. Aliyeyasema hayo anaijua sauti yake. Masika hayakuisha, hali ikamrudia, na safari ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Leo ana zabibu zake Hombolo na kliniki hakosi. Nimemwomba aongee na wewe, akasema yuko tayari wakati wowote. Mpigie. Hatakuuliza maswali mengi.

Najua neno Mirembe linakukaba. Mlipokuwa wadogo lilitajwa sana hapa nyumbani, mkigoma kuoga, mkigombana, na wala si baba yenu aliyelitaja. Ingekuwa kusema kunafutika ningelifuta. Lakini hospitali ile ipo tangu 1927 na leo ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Watu wengi wanakwenda asubuhi, wanaonana na daktari, wanarudi makwao siku hiyo hiyo. Hawafungi kila anayeingia. Isanga ndiko wanakowekwa wale wanaoletwa kwa amri ya mahakama, na mimi mwenyewe nilikuwa nachanganya. Kama bado unaogopa wa ofisini wasikuone kwenye geti lile, anzia General, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, wanao wahudumu wa afya ya akili. Au Benjamin Mkapa, pale Chuo Kikuu ulikosoma, geti unalijua. Kadi ya bima unayo, na mshahara wanakukata kila mwezi. Sema tu pale mapokezi kwamba silali na sili, nataka kuonana na daktari wa afya ya akili. Huna haja ya kueleza zaidi kwa karani.

Shangazi yako anasema umerogwa kwa sababu ya ajira. Ana mtu wake anataka kukupeleka. Nimemkatalia, na amenuna, usishangae asipokupigia. Mchungaji nimemwambia. Ameahidi kukuombea, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia kuomba hakuzuii kwenda hospitali.

Sasa nakuuliza jambo, na nimelifuta mara mbili kabla ya kuliandika. Je, kuna wakati unawaza kufa? Nesi amenihakikishia kwamba kumuuliza mtu hakumtii wazo hilo kichwani, bali kunampa nafasi ya kulitua. Wengi hawasemi kwa sababu sheria ya nchi inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kumwambia daktari kwamba mawazo hayo yanakujia si kosa. Kuniambia mimi si kosa. Kama yapo, usisubiri kazi zipungue wala usinisubiri mimi. Mgongee mwenye nyumba hata kama ni usiku wa manane, mwende hospitali iliyo karibu, upande wa dharura. Mwambie dada yako akae na wewe. Usibaki peke yako chumbani.

Wewe ndiye wa kwanza katika ukoo huu kuingia ofisi ya Serikali kwa barua ya ajira. Baba yako ile nakala ameiweka pamoja na hati ya shamba. Lakini nimekukasirikia pia. Hela za bati ulizotuma mwezi uliopita, nani alikutuma? Nilizifurahia, nikamwonyesha kila aliyepita, kumbe aliyezituma anatoboa mkanda. Paa limevuja miaka sita, lingevuja na huu. Usitume tena mpaka nikuone unakula. Inawezekana tulikusifia sana kwa kutoomba kitu. Ulikuwa mtoto asiyelia, na mimi nilikuwa nawaambia majirani hivyo kwa majivuno.

Zile bati tayari zipo, zimebaki misumari na fundi, na fundi anataka nusu kabla. Mbuzi mweusi kazaa pacha, mmoja dhaifu tunamnywesha kwa chupa. Alizeti imekomaa, tukikamua nitakuwekea lita tano. Mlenda nimeanika mwingi mwaka huu. Mdogo wako anataka kuhamia kwako akimaliza mtihani. Nimemwambia tutaongea, usimjibu kwanza.

Alhamisi nakuja. Napanda basi la alfajiri, nashuka stendi ya Nanenane, naja Ipagala kwa bodaboda. Omba ruhusa kazini, sema mama yako anakwenda hospitali umsindikize, maana ni kweli, nitakuwa nakwenda. Kama utakuwa umeshakwenda kabla ya hapo, nitumie ujumbe wa neno moja tu, "nimekwenda", nami nitakuja vilevile. Tutaingia pamoja, na kichwani sifungi kitu.

Kile kiroba usikitupe. Unga wa zamani nitauchekecha, ukiwa na wadudu utakuwa wa kuku wa mwenye nyumba. Nakuletea mwingine na karanga za kusaga. Sufuria dada yako anasema ipo moja tu na haina mfuniko. Nitabeba na mwiko.

Mama yako