Mpwa wangu, futa lugha saba uweke maji

Kwa mpwa wangu uliyeko Kiuyu, Pemba,

Asalaam alaykum. Wasifu wako wa kuombea kazi nimeusoma juzi baada ya isha. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wanaoniuliza kama wewe ni wengi. Jina lako silitaji. Mama yako atajua tu.

Umeorodhesha lugha tisa za programu. Tisa! Juzuu Amma yenyewe uliiacha nusu ukakimbilia mpira. Mimi nikikaa upande wa wanaosaili, huchagua lugha moja katika hizo nikamuuliza mtu mara ya mwisho ilimkwamisha wapi. Mwenye orodha ndefu hukohoa. Aliyekwama kweli hanyamazi.

Na kile ambacho kingekufanya usinyamaze umekificha. Ile programu ya maji, ya kukisia saa ya bahari kujaa na kupwa. Nilipokupigia ukasema, "Ah, mjomba, ule mchezo tu, naona haya kuuandika."

Haya, tuuzungumze huo mchezo. Ulichukua umri wa mwezi. Ulijua bamvu, yaani maji makubwa, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwamba kwetu siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni. Kila siku inayofuata ukaongeza kama dakika 50. Ukampa mama yako simu aone. Akacheka mpaka akakaa chini: "Saa nne maji yanajaa? Saa nne mimi niko mwanini, maji hayanifiki magotini!"

Hesabu ya mwezi ilikuwa sawa. Kompyuta ilitoa 16:10, wewe ukapunguza kumi na mbili ukaandika saa 4:10, kama saa ya mtalii. Sasa tazama balaa lake: toka maji kujaa mpaka kupwa ni saa sita na dakika chache, na saa yetu na ya wageni zinapishana saa sita vilevile. Kwa hiyo programu yako haikukosea kidogo. Ilimwambia mkulima wa mwani bahari imejaa saa ileile inapokauka. Ukarudi ukapunguza sita, ukagawa kwa 12 ukachukua baki, na baki likiwa sifuri ukaandika saa kumi na mbili. Nimefanya kazi na watu wenye shahada mbili wasioweza kunisimulia kosa lao wazi namna hiyo.

Unaona haya ya mchezo, na hiyo lugha ya Python uliyoandikia, Guido van Rossum aliianza Desemba 1989, apate la kujishughulisha nalo mapumziko ya Krismasi.

Mimi mwenyewe ufundi niliupata gizani. Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme wa bara miezi mitatu. Nyinyi Pemba mlikuwa na majenereta yenu mkatucheka. Nilikuwa naandika programu kwenye daftari kwa kandili, nazifuata kwa kidole mstari kwa mstari, kisha naenda kwa jirani mwenye jenereta, ananipa nusu saa. Nusu saa ikikuishia kwa bano moja ulilosahau kufunga, unarudi nyumbani ukijitukana njia nzima. Mpaka leo huisoma kazi yangu yote kabla sijaiendesha, na wenzangu ofisini huniona mzee.

Basi bakisha lugha mbili, zile unazoweza kuziapia. Juu yake weka programu ya maji, na kisa cha saa nne kiandike chote, pamoja na kicheko cha mama yako.

Ila kabla hujaituma popote, nimeijaribu jana nikaona jingine. Nilitafuta maji ya usiku wa Ijumaa, ikanipa ya Ijumaa baada ya magharibi. Muulize bibi yako, ambaye siku yake huanza magharibi, usiku wa Ijumaa ni upi, halafu nipigie.

Mjomba wako,
Mwanakwerekwe, Unguja