Hita Yako Inarusha? Tuambie Kwanza Maji Yenu Yanatoka Wapi

Sisi ni mafundi wa hita za maji ya kuoga, na Julai ndio mwezi wetu wa kazi nyingi zaidi. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi huo ukifungua mfereji ni kama maji yametoka kwenye friji. Simu zinaanza kulia kabla ya saa moja: hita haipashi, hita inazima breka, hita inanuka plastiki iliyoungua. Na hakosi mmoja wa kutuambia kwa sauti ya chini kwamba akigusa mfereji wa bafu stima "inamsalimia kidogo", yaani inamrusha. Huyo ndiye tunayemwendea kwanza, hata kama wengine walitangulia kupiga.

Mama mmoja wa mtaa wa Kiamunyi, hapa Nakuru, alikuwa amenunua hita mbili za papo hapo, zile za kichwa cha shawa, kwa muda usiofika mwaka.

"Fundi, ya kwanza ilikatika koili," alituambia. "Hii nayo inarusha watoto, lakini si siku zote. Wiki ikianza iko sawa kabisa."

"Wiki ikianza mnaoga maji gani, mama?"

"Ya mfereji. Hizo ndizo siku zetu za mgao."

"Na yakiisha?"

"Tunaletewa na boza, lile lori la maji."

Tulizima breka, tukaifungua hita na kuiweka juu ya stuli. Koili yake ni waya nyembamba iliyojisokota kama springi ya kalamu, nayo ilikuwa imevaa ukoko mweupe, mgumu, kama ule unaoganda ndani ya birika la zamani. Tukaukwangua kidogo kwa ncha ya bisibisi na kuudondoshea siki. Ukatoa mapovu papo hapo. Hiyo ni chokaa iliyokuja na maji.

Maji mengi ya visima vya kuchimbwa huku Bonde la Ufa yana madini mengi. Ndiyo maji yaleyale yenye floraidi ambayo yamewaachia watoto wetu wengi meno ya kahawia. Kwenye hita yanafanya mabaya mawili. Kwanza, ukoko unazuia joto la koili lisitoke vizuri kuingia kwenye maji, koili inapata joto kupita kiasi na mwishowe inakatika. La pili ndilo linalotunyima usingizi. Hita nyingi za bei nafuu zina koili iliyo uchi, stima inapita katikati ya maji yenyewe bila kizuizi chochote. Maji yenye madini machache hupitisha stima kidogo sana, lakini madini yakizidi, maji yanakuwa njia nzuri ya stima kutoka kwenye koili hadi kwa mtu anayeoga.

Dukani hita hizi ziko za aina mbili: ya maji matamu na ya maji ya chumvi. Ile ya pili koili yake imefunikwa ndani ya bomba la chuma, kwa hiyo stima haigusani na maji. Ni ghali zaidi, na watu wengi wa Nakuru wanaipita wakisema maji ya chumvi ni mambo ya Mombasa. Tunawaomba msifikiri hivyo. Maji ya kisima si lazima yaonje chumvi mdomoni ndipo yahesabiwe ya chumvi kwa hita. Kama nyumba yenu inatumia kisima au boza, hata kwa siku mbili tu za wiki, nunua ya maji ya chumvi. Boza huwezi kujua limechota wapi leo, wala litachota wapi kesho.

Pale Kiamunyi kulikuwa na kosa jingine, na hili ni la fundi mwenzetu aliyetangulia. Hita ina waya tatu, na ile ya kijani na njano, waya ya arthi, alikuwa ameikata fupi na kuizungushia tepu. Kazi ya waya hiyo ni kuipeleka ardhini stima inayovuja, ipitie fimbo iliyochimbiwa nje ya nyumba, isipitie mwili wa mtu. Hita inapasha vizuri tu bila arthi, ndiyo maana mtu anaweza kuoga miaka mingi asijue kwamba haipo. Tuliiunganisha, tukaipima hadi kwenye fimbo, kisha tukaweka breka ya usalama ya miliampia 30, inayokata stima mara inapohisi inavuja. Hita yenyewe tukaibadilisha, tukamfungia ya maji ya chumvi.

Ukiwa na breka hiyo na inazima kila mara, ujue inakuambia kuna stima inayovuja. Fundi akitaka kuiondoa ili "isisumbue", mkatalie.

Harufu ya kuungua nayo mara nyingi haitoki kwenye hita. Hita ya wati 5,400 kwa stima yetu ya volti 240 inavuta zaidi ya ampia 22. Waya ya soketi za kawaida, ya milimita 2.5, haikuwekewa kazi hiyo. Hita inataka waya yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, ya milimita 4 au 6 kulingana na umbali, na swichi yake kubwa. Tumefungua konekta zilizoyeyuka zikawa kama nta kwa sababu ya skrubu moja tu isiyokazwa. Ukisikia harufu hiyo, zima kwenye boksi la breka, usirudi kuoga hata mara ya mwisho.

Hita isiyopasha kabisa, wakati breka iko sawa, angalia presha kabla hujatuita. Ndani kuna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na maji ili stima iwake. Tangi likiwa chini sana au kichujio kikijaa mchanga, hakisukumiki. Mgao ukirudi baada ya siku kadhaa huja na uchafu mwingi. Zima stima, safisha kichujio na matundu ya shawa, jaribu tena. Wengi huishia hapo, na hatuwadai chochote.

Wenye hita za tangi wana shida zao. Maji yakikatika na tangi likabaki tupu, usiiwashe hadi yajae tena, kwa maana koili ikikauka huungua upesi. Na ile valvu ndogo inayodondosha matone wakati maji yanapopata moto isikuudhi. Lita 100 zikipashwa kutoka nyuzi 17 hadi 60 huongezeka kama lita moja na nusu, na lazima zipate pa kutokea. Ikiwa inamwaga muda wote, hata maji yakiwa baridi, tuite. Ila tafadhali usiizibe. Tumewahi kukuta imezibwa kwa kipande cha mti na mtoto analala chumba cha pili. Valvu ikizibwa na thamostati, kile kifaa kinachozima stima maji yakishapata moto, nayo ikikwama, tangi hilo linaweza kupasuka. Ndani ya tangi vilevile kuna fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya tangi lenyewe. Kwa maji yetu haya ikaguliwe kila mwaka.

Za jua hazituletei kazi nyingi: hewa iliyonaswa kwenye mabomba, au mirija ya kioo iliyovunjwa na mvua ya mawe.

Tukija kwako, tunapima arthi kabla ya kugusa hita, hata kama ulituita kwa jambo jingine. Kifaa tulichotoa tunakuachia ukione. Kama ni koili pekee iliyokufa tutakuambia, kwa sababu koili ni sehemu ndogo ya bei ya hita mpya. Ukituandikia, tutumie picha ya lebo iliyo ubavuni mwa hita, na utuambie maji yenu ni ya mfereji, kisima au boza. Na kama inarusha, izime sasa hivi kwenye boksi la breka, mchemshe maji jikoni hadi tufike.