Shosti, mapaja yangu yameijua bei ya mvinyo

Shosti wangu,

Za siku nyingi? Najua umeninunia, mwezi mzima sijajibu voisi yako. Leo nimeamua kuandika kabisa kwa sababu nikianza kuongea nitamaliza bando lako lote na stori bado iko nusu.

Unakumbuka nilikwambia nataka kwenda Burgundy huko Ufaransa kuzunguka mashamba ya zabibu kwa baiskeli, ukanicheka ukauliza kwani Dodoma na zabibu zake imehama? Basi nimeenda mwenzangu. Siku nne, mwanzoni mwa Septemba, tulikuwa watu nane na mwongozaji mmoja, mabegi yanatangulia na gari mpaka hotelini na wewe unabeba maji na koti la mvua tu. Nilipanda treni kutoka hapa Brussels mpaka Dijon halafu kamwendo kafupi mpaka Beaune, na Beaune ndo kila kitu kinaanzia.

Asubuhi ya kwanza wakauliza nani anataka baiskeli ya umeme. Mimi huyo, kichwa ngumu, nikakataa, eti mtoto niliyejifunzia Phoenix ya baba mdogo mguu umepita katikati ya fremu kwa sababu siti siifikii, leo nisukumwe na betri? Wazee wawili kutoka Kanada, miaka yao inafika sabini, wakachukua za umeme. Kufika kijiji cha Volnay walinipita kwenye mlima wanapiga stori zao taratibu, bibi akanipungia mkono, na mimi ulimi uko nje, cheni imetoka mara mbili, mikono myeusi grisi tupu. Kesho yake nilichukua ya umeme na sikutaka mtu aniulize.

Ila ile siku ya mateso ndo iliyonifundisha, maana kule mlima na bei ya mvinyo ni kitu kimoja. Kuna barabara kuu inashuka kutoka Dijon kwenda kusini. Upande wa chini wa barabara ni tambarare, udongo mzito unashika maji, huko wanatoa mvinyo wa kawaida unaoandikwa Bourgogne tu, yaani Burgundy kwa Kifaransa. Ukivuka unaanza kupanda kidogo, chupa inapata jina la kijiji. Ukibadilisha gia unaingia Premier Cru, daraja la pili kutoka juu, na pale unapotaka kushuka usukume, katikati ya mteremko, ndo Grand Cru zilipo, daraja la juu kabisa, jua la asubuhi linazipiga usoni na maji hayatuami. Halafu ukizidi kupanda karibu na msitu thamani inashuka tena, udongo umekuwa mwembamba na baridi imezidi. Yaani nilikuwa sihitaji kusoma kibao, nikianza kuhema najua hapa hela zimeanza.

Mwongozaji alisimama sehemu moja, akachimbua na kisigino akaokota jiwe la rangi ya maziwa, akalipangusa kwenye kaptula yake akanipa. Lina alama ya ganda la chaza, mistari yake yote inaonekana. Mlima mzima ule ulikuwa chini ya bahari enzi hizo, na ndo chokaa mizabibu inayokula mpaka leo.

Siku ya tatu tulienda upande wa kaskazini mpaka kijiji cha Vosne-Romanée. Shosti, pale kuna shamba linaitwa Romanée-Conti, hekta 1.8 tu, kama ekari nne na nusu, shamba la baba yako huko Dodoma si linalizidi? Kaukuta kafupi, msalaba wa mawe, na kibao kinakuomba kwa upole usiingie. Basi. Chupa yake moja ya mwaka 1945 iliuzwa mnada New York 2018 kwa dola 558,000. Nilipiga hesabu ya shilingi nikaacha katikati. Nikamkumbuka baba anavyopimiwa kwa kilo na mnunuzi akichelewa zabibu zinaozea shambani, nikanyamaza kama dakika tano hivi na mwongozaji akadhani nimechoka.

Pale jirani Vougeot kuna shamba moja limezungushiwa ukuta, hekta 50 hivi, walilianzisha watawa wa monasteri ya Cîteaux mamia ya miaka iliyopita. Mapinduzi ya Ufaransa yakaja wakanyang'anywa, likauzwa, likauzwa tena, halafu urithi wa watoto kugawana sawa ukalikata vipande, leo lina wenyewe kama 80, mwingine ana mistari michache tu. Si ndo mirathi ya kina mjomba wako kabisa? Na hao watawa wakanikumbusha mapadri wa misheni ya Bihawana huko Dodoma, kumbe huku na huko mvinyo umelelewa na watu wa misa. Nikamwambia mwongozaji kwetu Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Alisimamisha baiskeli. Kweli, alishuka kabisa akaniambia rudia.

Wenyewe wanavuna mara moja tu na tuliwakuta wanavuna. Mizabibu yao mifupi, inaishia kiunoni, imebanana kama mpunga, elfu kumi kwenye hekta moja, kwa hiyo wavunaji wameinama kutwa na mikasi yao, mgongo sijui wanaupata wapi. Trekta zao sasa ungecheka, zina miguu mirefu kama buibui, dereva amekaa juu kule na mstari wa mizabibu unapita katikati ya miguu.

Kuonja ni kwenye mahandaki chini ya nyumba, giza, mapipa ya mwaloni, baridi mpaka nikavaa koti la mvua. Unamiminiwa kidogo, unazungusha glasi, unanusa, unasukutua, halafu unatema kwenye ndoo. KUTEMA, mbele za watu! Nilishindwa, nikameza glasi mbili za kwanza kwa heshima ya mwenye nyumba, halafu nikakumbuka sheria ya pombe barabarani inamkamata hata wa baiskeli, nikaanza kutema kama wenzangu. Usimsimulie baba hapo, atasema tumepotea.

Beaune yenyewe nilizunguka haraka, ile hospitali ya masikini ya mwaka 1443 yenye paa la vigae vya rangi. Mashamba yake ya zabibu ilipewa na wafadhili na mpaka leo mvinyo wake unapigwa mnada kila Novemba.

Mimi nilinunua chupa moja tu, ya upande wa chini wa barabara, mfuko ndo uliamua.

Sasa nataka kitu. Ile sehemu ya juu ya shamba lenu, karibu na yale mawe, ambayo baba alisema haifai hata kwa mtama halafu akapanda zabibu kwa kukata tamaa, muulize zile zabibu zake zikoje ukilinganisha na za bondeni. Muulize akiwa amekula, usimuulize mchana. Na ukifika huko mwenyewe chuma moja ya juu na moja ya chini ule, unitumie voisi hapo hapo shambani. Safari hii najibu.

Mimi wako wa Brussels, bado natembea kama bata